Boti Haiondoki kwa Saa: Kisa cha Timu Moja ya Bidhaa Mjini Amu

Miezi mitatu baada ya kuizindua programu yetu ya kukatia tikiti za boti, nilikaa na hesabu za mauzo nikatafuta tikiti zilizokatwa kwa simu mwezi ule. Hazikufika arobaini, na zaidi ya nusu tulizikata sisi wenyewe kwa ajili ya jamaa na marafiki. Na boti za Mtangawanda, Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, zilikuwa zikiondoka gatini Amu (Lamu) zimejaa kila siku. Abiria walikuwako. Simu walikuwa nazo, na pesa wakitumiana kwa simu hizo hizo. Walichokuwa hawana haja nacho ni sisi.

Nakiandika kisa hiki kwa wenzangu wanaoongoza timu ndogo za bidhaa na wanaotaka kuingiza kazini kwao mbinu ya kufikiri kisanifu (design thinking), yaani kumwelewa kwanza mtumiaji kabla ya kujenga. Sisi tuliiingiza mara mbili. Mara ya kwanza ilishindwa kabisa. Mara ya pili ilishika, ikabadili bidhaa na ikawabadili watu waliokuwa wakiijenga. Mbinu ilikuwa ile ile mara zote mbili. Kilichotofautiana ni nani aliyekwenda kuketi gatini.

Tulikuwa watu saba katika chumba cha ghorofani nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Fundi mkuu wa programu alitoka Nakuru, kijana hodari sana wa kuandika msimbo, ambaye hajawahi kuishi pwani kabla ya hapo. Fundi mdogo alikuwa mzaliwa wa Amu. Msanifu wetu, anayechora kurasa na vitufe, alikuwa dada wa Shela. Tulikuwa na mhasibu, na vijana wawili wa masoko waliozunguka gatini na fulana zenye nembo yetu. Mimi nilikuwa msimamizi wa bidhaa. Juu yetu alikuwa tajiri, mzee mwenye boti mbili za abiria, ndiye aliyetoa mtaji.

Wazo la tikiti lilikuwa lake. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, akakata tikiti kwa simu, akachagua kiti cha dirishani, na basi likaondoka dakika ile ile iliyoandikwa. Akaona boti zake nazo zafaa ziende hivyo. Hakuna aliyemuuliza kama boti na basi ni kitu kimoja. Mimi mwenyewe sikuuliza, na mimi nimekulia hapa.

Niliijua mbinu hii kwa mafunzo ya siku nne niliyohudhuria Nairobi. Tulifundishwa hatua tano zilizoenezwa na shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: kumwelewa mtumiaji, kuainisha tatizo, kubuni mawazo, kutengeneza kielelezo, kisha kujaribu. Tukaelezwa kwamba shina lake ni la zamani zaidi, kwamba mtaalamu wa Marekani, Herbert Simon, aliandika mwaka 1969 kuwa kila anayepanga njia ya kuigeuza hali iliyopo iwe hali inayotakiwa, huyo anasanifu. Nililipenda neno hilo, kwa sababu linamuingiza hata fundi wa Matondoni anayejenga mashua kwa jicho, bila mchoro wa karatasi. Nilirudi Amu na moyo mkubwa.

Nikaandaa warsha. Siku mbili katika ukumbi wa nyumba ya wageni, vikaratasi vya rangi vya kubandika, kalamu nene, chakula cha mchana kizuri. Kufikia jioni ya pili ukuta mzima ulikuwa umefunikwa na mawazo, zaidi ya hamsini. Tulipiga picha. Kila mtu alifurahi.

Lakini nikizitazama picha zile leo naona kitu kimoja: tajiri ameketi mbele. Saa ya kwanza tu alisema kwamba viti vya mbele, visivyorushiwa maji, viuzwe kwa bei ya juu. Tangu hapo kila karatasi ilihusu viti. Kwetu mtu mzima akishasema, kijana hampingi mbele za watu. Hayo ni malezi na sitaki kumlaumu yeyote kwayo, lakini mimi niliyeongoza kikao nilipaswa kuyakumbuka kabla ya kupanga nani azungumze lini. Msanifu akachora ramani ya viti, nzuri kwelikweli, yenye rangi. Mafundi wakaijenga kwa wiki sita.

Siku ya kwanza ya kuitumia, abiria mmoja alipanda botini akamwonyesha nahodha simu yake: kiti namba tatu, kushoto. Nahodha akamwambia akae kulia, nyuma. Katika boti, anayepanga watu ni nahodha, naye anawapanga kwa uzito, ili chombo kisilalie upande mmoja. Mtu mnene huku, magunia ya unga kule, akina mama wenye watoto katikati. Hilo lajulikana na kila mtoto aliyewahi kupanda boti hapa. Wiki sita za kazi zilianguka kwa sentensi moja ya nahodha.

Jioni ile nahodha huyo aliniita pembeni. Hakuwa na hasira. Aliniambia, "Mwanangu, nyinyi mwauza viti. Mimi naangalia maji."

Nililala na maneno hayo. Kulipokucha nilijua kosa letu: tulikuwa tumeianza mbinu katikati. Tuliziruka hatua mbili za kwanza tukaingia moja kwa moja kwenye kubuni, kwa sababu kubuni kunapendeza, kunafanyika chini ya feni, na hakumlazimu mtu kuondoka kwenye meza yake. Tukamwita mtumiaji kwa jina ukutani bila kumtembelea.

Nilipowaambia wenzangu kwamba tuanze upya, fundi mkuu alikataa, na alikuwa na haki. "Usiache mbachao kwa msala upitao," aliniambia. Mbachao wake ulikuwa programu iliyopo, yenye kasoro anazozijua moja moja. Kila asubuhi atakayokuwa gatini ni asubuhi ambayo kasoro hizo hazirekebishwi. Na warsha ya kwanza ilikuwa imemgharimu wiki sita za maisha yake. Sikuwa na cha kumjibu isipokuwa kufupisha ombi langu: asubuhi sita tu. Zikipita asubuhi sita na asione chochote cha maana, sitalitaja neno usanifu tena mbele yake.

Fundi mdogo ndiye aliyesema kwamba asubuhi hizo zigawanywe, tatu za bamvua na tatu za maji mafu. Sisi wengine tungekwenda siku sita mfululizo, tungeona hali moja tukadhani ndiyo hali ya mwezi mzima.

Niwaeleze wasio wa pwani. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na dakika hamsini hivi, kwa hiyo saa ya kujaa husogea kila siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita tatu. Katika pwani yetu siku hizo hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Wiki moja baadaye, maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa saa nne. Na boti kubwa ya kwenda kisiwa cha Pate ilipita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, ambao wakati huo haukupitika maji yakiwa yamekupwa kabisa. Siyu ndiyo zaidi, mkondo wake unataka maji ya kutosha. Basi la Mombasa linaondoka kwa saa. Boti inaondoka kwa maji, na maji hayana ratiba ya wiki.

Kanuni zetu za gatini zilikuwa chache. Twende wawili wawili. Fulana za nembo zibaki nyumbani. Anayejenga lazima aende mwenyewe. Ripoti ya mwingine haitoshi. Tuandike maneno ya mtu kama alivyoyasema. Na tusimuulize mtu anaionaje programu yetu.

Hii ya mwisho ilitokana na vijana wa masoko. Kwa miezi mitatu walikuwa wameuliza watu wengi, "Waionaje programu yetu?" na wote walijibu, "Nzuri, Mungu awajaalie." Kijana amekujia kwa heshima, amekusalimu, amejitaabisha, utamwambiaje kazi yake haikufai? Tulikuwa na daftari zima la sifa. Wale vijana waliyaandika kwa uaminifu na sisi tuliyasoma kwa furaha, kumbe tulikuwa tunasoma adabu za watu.

Asubuhi ya tatu ilikuwa ya bamvua. Fundi mkuu na mimi tulifika gatini saa kumi na mbili. Boti ya Kizingitini ilikuwa imekwisha ondoka. Chini ya ukuta aliketi mama mmoja wa buibui na mtoto wa miaka kama minne amemlalia mapajani, na bahasha ya hospitali imetokeza kwenye mkoba. Fundi aliketi karibu naye, akamsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wakakaa kimya kidogo. Kisha akamuuliza kama hakujua kwamba bamvua boti huondoka mapema.

"Maji nayajua," alisema. "Nimezaliwa nayo. Nisichojua ni nahodha ameamua nini. Jana aliondoka saa kumi na mbili na robo, leo ameondoka saa kumi na moja."

Nilimuuliza mpakiaji mmoja sababu. Boti ilikuwa imebeba saruji. Chombo kizito huzama zaidi, kwa hiyo nahodha aliwahi ili apite Mkanda maji yakiwa bado mengi. Uamuzi ule aliufanya usiku, alipouona mzigo, na walioujua ni wale waliokuwapo gatini.

Fundi alimuuliza mama swali moja zaidi. "Na kama ungekuwa umekata tikiti?"

Mama alimtazama. "Tikiti ya boti iliyokwenda?"

Alikaa pale mpaka saa nane mchana, maji yaliporudi kujaa, na fundi akakaa naye. Sikumwambia akae. Alihesabu simu alizopiga: saba. Kwa mume, kwa dada yake wa Faza, kwa mwenye pikipiki atakayempokea, tena kwa mume. Mtoto aliamka akalia, akanunuliwa maji na mkate wa mofa. Saa nane boti ikaja, na fundi akabeba mkoba mpaka ngazini.

Alirudi ofisini hakusema neno. Alichukua kalamu akachora ubaoni mstari wa siku ishirini na tisa, akaanza kuujaza saa za maji. Asubuhi zake sita zilikuwa hazijaisha, naye alikuwa ameniomba aongezewe tatu.

Kuna watu ambao hata kwa kuketi gatini tusingewafikia. Wanawake wengi hawaji kukaa pale kusubiri habari, na mimi mwanamume sikuwa na mlango wa kuingia kuwauliza. Msanifu alikwenda na shangazi yake, nyumba kwa nyumba, akaketi ukumbini akinywa chai. Alirudi na jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua: habari ya boti ilikuwa na njia yake tayari. Mama hutuma mtoto kwenye duka moja karibu na gati, mwenye duka humuuliza karani wa boti, mtoto hurudi na jibu. Ikiwa mtoto amepotelea kwenye mpira, mama huikosa boti. Katika kazi nzima, hilo ndilo lililonifunza zaidi, na lilipatikana kwa sababu aliyekwenda alikuwa na haki ya kuingia.

Hapo ndipo jina la karani lilipoanza kurudi kila tulikopita, na hapo ndipo nilipoliona kosa letu kubwa kuliko lile la viti. Karani ndiye mwenye daftari la abiria. Analiandika kwa peni, akiwa amelipakata kwenye goti. Nilimwomba anionyeshe. Kila ukurasa ulikuwa na majina, lakini pembeni kulikuwa na mengine: fulani atalipa akirudi, kikapu cha fulani apewe mkewe Faza, huyu ni mgonjwa akae karibu na nahodha. Daftari lile lilikuwa posta, benki na orodha ya wagonjwa kwa pamoja. Programu yetu ilikuwa na jina, namba ya simu na kiti. Na kwa kila abiria, karani alikuwa na kitu kidogo mfukoni mwake. Tikiti ya simu ilimnyima. Kwa hiyo mtu akimuuliza kuhusu sisi, alikuwa akijibu kwamba mtandao hausomi. Simlaumu. Tulijenga kitu cha kumwondoa kazini bila hata kumwamkia.

Hatua ya pili, kuainisha tatizo, ilituchukua wiki nzima, na kikao kimoja kilianza baada ya alasiri kikaisha usiku. Safari hii nilibadili taratibu. Kila mtu aliandika kwanza kimya, na aliye mdogo kwa umri ndiye aliyeanza kusoma. Tajiri nilimwendea nyumbani mapema nikamweleza, nikamwomba azungumze wa mwisho. Alikubali kwa moyo mkunjufu kuliko nilivyotazamia. Alisema barazani pia mzee mwenye busara hungoja.

Ukutani zilibaki sentensi mbili. Ya kwanza: tufanyeje ili abiria alipe nauli kwa urahisi? Ya pili: tufanyeje ili mtu aliye nyumbani ajue uamuzi wa nahodha kabla hajalala? Vijana wa masoko waliishikilia ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye pesa. Fundi mkuu alisimama upande wa pili na kumtaja yule mama. Hakuwa akitaja mtumiaji tena.

Mhasibu ndiye aliyetuvusha. Alitukumbusha kisa cha M-Pesa, ambacho Mkenya yeyote anakijua mwisho wake na wachache wanakijua mwanzo wake. Majaribio ya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Walipopewa, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao kwa mambo yasiyohusu mkopo. Waliokuwa wakiendesha majaribio yale wangeweza kuliona hilo kama matumizi mabaya. Wakaligeuza kuwa bidhaa yenyewe, na Machi 2007 huduma ilipozinduliwa ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani. "Sisi tunang'ang'ania mkopo," alisema mhasibu. Tajiri alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema tuijaribu ya pili kwa miezi miwili, hasara ni yake.

Kielelezo cha kwanza hakikuwa na mstari hata mmoja wa msimbo. Tulinunua ubao mweusi na chaki, tukautundika pale dukani ambako watoto hutumwa. Kila jioni fundi mdogo alimuuliza nahodha, akaandika. Kazi ya kutwa moja, na siku ya pili tu ilitufunza jambo. Fundi mkuu ndiye aliyeandika jioni hiyo, akaandika kama kompyuta: 04:45. Mzee mmoja akasoma kwa sauti, "Saa nne na dakika arobaini na tano," akaondoka. Saa nne ya nani? Kwenye uso wa simu watu wamezoea kuona 4 wakasoma kumi. Kwenye ubao wa duka, kwa chaki, nne ni nne. Msanifu akafuta tarakimu zote. Tangu siku hiyo tunaandika kwa maneno: kesho alfajiri, saa kumi na moja kasorobo.

Kielelezo cha pili kilikuwa meseji, kwa kuwa simu nyingi tulizoziona gatini zilikuwa za mulika mwizi, zisizopokea programu yoyote. Meseji moja ni herufi 160, na Kiswahili cha maneno kamili hula nafasi, kwa hiyo msanifu alipima kila neno. Tuliwaita watu watano, mmoja mmoja. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kuonyesha takriban asilimia 85 ya kasoro za namna hii, na kwetu hawakuhitajika hata watano. Wa pili, mzee wa Siyu, aliisoma polepole, akafika neno "itaondoka," akainua macho.

"Nani asema?"

Tulimwambia ni kampuni. Alirudisha simu. Neno la kuondoka kwa boti linatoka kwa nahodha, na meseji isiyosema limetoka kwa nani ni uvumi. Tukalitia jina la boti na maneno "nahodha asema," tukapunguza salamu. Wa tatu, wa nne na wa tano hawakuuliza.

Fundi mkuu kwa wakati huo alikuwa ameshika moto. Akachukua jedwali la maji linalochapishwa na Halmashauri ya Bandari, akaandika programu ya kukadiria saa ya kuondoka bila kumsumbua mtu. Siku za kwanza ilipatia, naye akafurahi. Kisha kusi ikavuma kwa nguvu, boti moja ikapakia mbao, nyingine ikasubiri maiti iliyokuwa ikipelekwa kuzikwa Faza, na makadirio yakaenda kombo siku nne mfululizo. Jedwali lilikuwa sahihi kuhusu maji. Halikujua mizigo, upepo wala msiba. Alikuja mezani kwangu akasema mwenyewe kwamba hesabu ile ibaki ya kumsaidia nahodha, na uamuzi uingizwe na mtu.

Mtu huyo ni nani? Jibu lilikuwa gatini miaka yote. Nilimwendea karani na tajiri tukiwa pamoja, tukamwomba radhi kwanza. Tukakubaliana alipwe kwa mwezi kwa kazi ya kutangaza saa, na hela yake ya kila abiria ibaki palepale. Mafundi wakamtengenezea menyu fupi ya nyota na reli inayofanya kazi kwenye simu yake ndogo: achague boti, achague saa, atume. Aliijaribu gatini, jua kali, kidole kimoja, mkono mwingine umeshika daftari. Mara mbili alituma boti ya Faza akidhani ni ya Mtangawanda, kwa sababu tuliziandika kwa alifabeti. Tukazipanga kama zinavyofunga gatini, kuanzia upande wa hospitali. Hakukosea tena.

Kipimo chetu tulikibadili pia. Badala ya kuhesabu tikiti, tukahesabu wanaoachwa. Karani alitia alama pembeni ya daftari kila mtu aliyefika boti imekwenda. Bamvua ya kwanza zilikuwa alama nane au tisa kwa asubuhi. Bamvua ya tatu baada ya meseji kuanza, moja au mbili. Fundi mkuu alikuwa akizihesabu kabla ya kufungua kompyuta.

Gharama nazo zilikuwapo. Tulipoteza miezi miwili ya mapato ambayo hayakuwa makubwa, lakini mishahara ilikuwa ile ile. Kijana mmoja wa masoko aliondoka, akaniambia hakuajiriwa kukaa na daftari gatini, tuliagana vizuri. Ramani ya viti iliondolewa kwenye programu, na msanifu alikaa siku hiyo bila kula. Pesa zilianza kurudi kwa njia ambayo hatukuipanga: wenye maduka wa Faza na Kizingitini waliomba wapelekewe meseji mzigo wao unapopakiwa, na wakawa tayari kuilipia. Hilo lilitoka pembeni mwa daftari la karani, kwenye vile vikapu vya fulani apewe fulani.

Kama ningeanza tena, karani angekuwa mtu wa kwanza kumwendea. Na nisingeita warsha kabla ya gati. Warsha ya kwanza iliwafundisha wenzangu kwamba mbinu hii ni vikaratasi, na ilinichukua muda mrefu kuwaondolea picha hiyo. Majina ya hatua tano sikuyataja kabisa mara ya pili, mpaka zilipokwisha. Fundi mkuu alipoyasikia alisema, "Kumbe ndiyo yale tuliyofanya?"

Siku hizi anayeajiriwa kwetu hapewi kompyuta wiki ya kwanza. Fundi mkuu humpeleka gatini yeye mwenyewe, alfajiri, na humchagulia siku za bamvua.

Lipo jambo ambalo bado halijatulia. Nahodha hubadili uamuzi usiku, baada ya meseji kwenda na watu kulala. Tulijaribu kutuma ya pili. Wengi waliiona asubuhi, boti imekwenda. Wiki hii tunajaribu kitu kingine: katika kila mtaa tumemwomba mtu mmoja anayeamka kabla ya adhana apigiwe simu na karani, naye agonge milango ya wasafiri waliojiandikisha. Mtaa wa kwanza una milango sita. Jana usiku nahodha alibadili saa mara moja, na milango mitano ilifunguliwa. Wa sita, msanifu anakwenda kuuliza leo baada ya alasiri, pamoja na shangazi yake.